Kamati ya Maziwa ya Chumba cha Uani

Hiyo nyusi ishushe. Sipandishiwi nyusi kwenye nyumba yangu mwenyewe, tena na mtu anayekunywa kahawa yangu. Unadhani nimezeeka nachanganya mambo? Nimesoma mpaka darasa la nne, na la nne la enzi zile halikuwa la kuchezea. Kusoma najua, kuhesabu najua, na wanaume wanne wazima walioketi wakaunda kamati ya maziwa ya mama niliwaona kwa macho haya mawili, asubuhi, jua limeshatoka, wala sikuwa na homa. Mwenyekiti walikuwa naye. Katibu walikuwa naye. Kitu pekee ambacho kamati nzima haikuwa nacho ni titi. Sasa nyamaza unisikilize.

Kijiwe chenyewe ni hilo benchi lililoegemea ukuta wangu, chini ya dirisha hili. Kahawa natoa mimi, napitisha vikombe katikati ya nondo, kwa hiyo hakuna neno linalosemwa pale nisilolisikia. Mwisho wa benchi upande ule ni fundi baiskeli, Spoku, mikono myeusi mpaka viwiko. Katikati hukaa Bomba, fundi mabomba, mtu ambaye kwake mwenyewe bomba linavuja mwaka wa tatu. Pembeni yake ni Faili, karani mstaafu, aliyeondoka ofisini na faili moja kwapani na mpaka leo hajaliweka chini. Wa nne ni Dakika, fundi saa, kijana wa watu, mpangaji wangu wa chumba cha uani. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na siku hiyo mtoto alikuwa anatimiza siku tano.

Dakika akatokea amekumbatia kopo la maziwa ya unga, kalishika kama mtu aliyekabidhiwa yai. Hakukaa.

— Leo linafunguliwa, akasema.

— Linafunguliwa nini? Bomba akauliza.

— Kopo. Mama mtoto hana maziwa. Siku tano, jamani! Mtoto analia, yeye analia, na mimi vumbi linaniingia machoni. Mama yangu kapiga simu, kasema nunua kopo, acheni kumtesa mtoto.

— Si ufungue, basi.

— Mwenyewe hataki! Anataka kunyonyesha. Kanipa mpaka adhuhuri nimtafutie mtu anayejua. Kasema mtu anayejua, siyo mtu anayesema. Adhuhuri ikifika sijampata, nifungue, na yeye hatanena neno.

Ungeona walivyochangamka. Wanaume wale, ukiwaambia paa langu linavuja, kila mtu anakumbuka ana safari. Lakini hili liliwapandisha mori. Bomba akasimama. Spoku akaacha tairi la watu limening'inia. Faili akafungua faili.

— Hili ni jambo la kamati, akasema Faili. Mwenyekiti mimi, kwa sababu ya uzoefu. Katibu pia mimi, kwa sababu ya kalamu.

— Na mimi? akauliza Bomba.

— Wewe ni mtaalamu.

Basi Bomba akavimba kifua.

— Sikilizeni, mimi nimekaa na mabomba miaka ishirini. Mtu anasema hakuna maji. Ah wapi! Maji yapo tangini, ila bombani kuna hewa. Hewa imekaa katikati, inayazuia. Hapo unafungua pale juu, hewa inatoka fyuuu, maji yanakuja yenyewe.

— Pale juu wapi? Spoku akauliza. Ni mtu, siyo nyumba.

Bomba akafikiri.

— Begani.

Hapo nilitaka kummwagia kahawa, lakini ilikuwa ya moto na ya mwisho birikani.

— Begani hakuna kitu, akasema Spoku. Wewe unakagua tangi, pampu hujaikagua. Pampu ni nani? Ni mtoto! Pampu ikiwa na ringi iliyochoka, hata ukitoa jasho la damu, tairi halijai. Mkagueni mtoto mdomo.

Naomba ulikumbuke hilo, maana ndilo neno la pekee lenye akili lililotoka kwenye benchi lile siku hiyo, na mwenyewe hakulijua. Kabla hatujalishika alishaliharibu.

— Au mgeuzeni, akaendelea. Tairi la mbele liende nyuma. Anyonye kichwa chini.

— Kichwa chini! Faili akashika kichwa chake. Bwana, kila kitu kina utaratibu. Ofisini kwetu kulikuwa na mhasibu. Mkewe maziwa yalikuwa yanatoka siku ambazo mhasibu yuko likizo tu. Akirudi kazini, yanakauka. Akiugua akalala nyumbani, yanarudi. Kwa nini? Kwa sababu maziwa yanafuata mahudhurio ya baba. Naandika barua kwa wahusika: Yah, Upungufu wa Maziwa, Chumba cha Uani. Dakika apewe likizo.

— Nipewe na nani? Mimi nimejiajiri.

— Basi utajiandikia mwenyewe, nakala kwangu.

— Kuna mteremko pia! Bomba akarukia. Kitanda! Kitanda chake kimelala sawa, nimekiona siku ile nilipokuja kutazama ule mfereji. Maji hayapandi, bwana, yanashuka. Tuinue upande wa kichwani kwa matofali.

— Matofali ninayo! Spoku akasema. Manne, nyuma ya kibanda.

Na kweli akaenda kuyachukua. Nakuambia akaenda. Tulipomwona tena amebeba mawili kila mkono, anatweta, uso unang'aa kama wa bwana harusi.

Wakati huohuo, kutoka uani, kengele ikalia. Grrrrr! Dakika akanyoosha kidole juu, kama mwalimu.

— Saa tatu kamili. Titi la kulia.

— Saa gani hiyo inayolia? akauliza Bomba.

Hapo kijana akasahau huzuni yake, akaanza kujisifu. Ile saa ya mezani, ya kengele mbili, aliitengeneza mwenyewe. Ameitega kila baada ya saa tatu. Ikilia, mtoto anawekwa. Dakika kumi kulia, inalia, anatolewa. Dakika kumi kushoto, inalia, anatolewa. Kayasoma mahali fulani kwenye simu. Na daftari analo, kaandika kila kitu tangu siku ya kwanza: alianza saa ngapi, aliacha saa ngapi, hata sekunde.

Likazungushwa lile daftari mkono kwa mkono. Faili alilipokea kama anapokea mtoto mwenyewe.

— Huu, akasema, na sauti ikamtetemeka kidogo, huu ndio utaratibu.

Mimi ile saa niliichukia tangu ilipoanza kuniamsha. Lakini sikusema ni kosa. Na nisikufiche, mimi pia nilikuwa na langu. Asubuhi na jioni nilikuwa naingia chumba cha uani na kikombe cha maji yaliyochemshwa, namnywesha mtoto vijiko viwili, vitatu, kulainisha koo. Hakuna aliyenituma. Mimi nimezaa sita, nani wa kunituma? Binti, mke wa Dakika, alikuwa ananitazama tu. Mjukuu wangu wa kupanga, namwita hivyo, alijifungulia hospitali, akalala usiku mmoja, wakamwambia nyonyesha, wakaita jina la mwingine. Akarudi kwenye mikono yetu. Saa ya mumewe upande huu, kijiko changu upande ule, na dirishani kamati.

— Jamani, saa zinakwenda, Dakika akasema. Mtu anayejua!

— Shemeji yangu! Bomba akajipiga paji la uso. Anafanya kazi hospitali kubwa! Mwaka wa kumi huu!

Ukasikia benchi zima likisema aaaa. Simu ikatolewa, ikawekwa sauti kubwa, vichwa vinne vikainama juu yake.

— Shemeji, akapaza sauti Bomba, kuna mama hapa hana maziwa. Nyie huko mnawafanyaje?

— Hao nawaona kila siku, simu ikasema, kwa sauti ya mtu mzito. Wanakuja wanalia, mtoto analia. Baada ya saa moja wanatoka wanacheka, mtoto kalala.

— Mnaona! Mnawapa nini?

— Sijui. Mimi naishia getini.

Kumbe shemeji ni mlinzi. Spoku alicheka mpaka tofali likamdondokea mguuni. Dakika hakucheka. Alilitazama kopo, akakitazama kivuli cha kibanda cha Spoku, na kivuli kilikuwa kimeshaanza kufupika.

Sasa hapo katikati ya kelele alikuwa amefika mteja. Mwanamke wa makamo, viatu vya raba, begi la turubai limefungwa kwenye keria, anasukuma baiskeli yenye tairi la nyuma lililolala. Spoku anamwita Mama Pancha, maana kila wiki yuko pale na pancha. Akaisimamisha baiskeli, hakuna wa kuipokea, fundi ana matofali. Akakaa ncha ya benchi. Nikampa kahawa ya mwisho. Akasikiliza habari za hewa begani zikirudiwa. Akasikiliza mteremko. Daftari likapita mbele yake, akalitazama kidogo, akalipitisha. Kisha akaweka kikombe chini.

— Samahanini, ndugu zangu. Huyo mtoto, tangu jana asubuhi mpaka leo asubuhi, amekojoa mara ngapi?



Nimekaa dirisha hili miaka mingi, sijawahi kusikia benchi lile likinyamaza hata msiba unapopita, isipokuwa pale. Dakika akafungua daftari. Akafunua ukurasa, akarudisha, akafunua. Saa zote zimo, na dakika, na sekunde. Faili akatazama ndani ya faili lake kana kwamba jibu limo. Bomba, ambaye anakula kutokana na maji kuingia na kutoka, hakuwa amewahi kufikiri kwamba kinachoingia kwa mtoto kinajulikana kwa kinachotoka. Na mimi je? Nguo za mtoto yule nilikuwa nazifua mimi, nazianika mimi. Nilikuwa nazitia zote kwenye beseni moja, za kulalia na za haja, nasugua huku nawaza mengine. Sikuzihesabu.

— Mara mbili!

Sauti ya binti, kutoka uani. Ndogo, imekwaruza, lakini imetoka.

— Mara mbili tu! Na ya mwisho ilikuwa kidogo, nyekundunyekundu kama kutu!

Yule mwanamke alikuwa ameshasimama, anafungua begi kwenye keria.

— Nipelekeni, akasema. Na hilo kopo liacheni hapohapo, halina kosa, ila bado halijaitwa.

— Wewe nani kwani? Bomba akauliza.

— Nasaidia akina mama kunyonyesha. Ndiyo kazi yangu. Kila Jumanne na Ijumaa tunakaa nao chumba cha nyuma pale zahanati, anayetaka anakuja na mtoto wake, haandikishwi wala haulizwi. Siku nyingine napita nyumba kwa nyumba.

Spoku akaweka matofali chini polepole.

— Mama, miaka miwili nakuzibia pancha. Mbona hujawahi kusema?

— Ulikuwa unaniuliza habari za tairi.

Kamati nzima ikanyanyuka kumfuata. Mwenyekiti mbele, faili kwapani. Nikatoka mlango wa mbele nikasimama njiani, mikono kiunoni, nikawaambia atakayevuka kizingiti hiki leo atakunywa kahawa kwa mama yake. Wakakaa. Tukaingia watatu: yeye, Dakika na mimi.

Chumba unakijua, hatua nne kwa tatu. Kitanda, kamba ya nguo, kigoda na ile saa juu yake. Binti amekaa kitandani, nywele zimesimama, mtoto mapajani analia kilio kile cha uchovu, kisicho na nguvu. Mama Pancha akanawa mikono. Sikumwona akimkamata binti wala kumsukuma, kama nilivyokuwa nafanya mimi. Alipiga magoti chini akasema:

— Hongera, mwanangu. Umepambana. Naomba nikuone ukimweka, kama unavyofanya siku zote.

Binti akaanza kulia kabla hata hajafungua kanga. Alipofungua, nikaona. Nilikuwa naingia chumba kile mara mbili kwa siku, na sikuwa nimetazama. Titi limevimba, gumu, linang'aa kama limepakwa mafuta, na chuchu imepasuka. Mtoto akakamata ncha, akateleza. Akakamata, akateleza, akapiga yowe.

— Nani kakuambia huna maziwa? Mama Pancha akamwuliza.

— Kila mtu.

— Yamejaa mno. Yamejaa mpaka titi limekuwa gumu, mtoto hapati pa kushika. Anapata ile ncha tu, anakuumiza, na hapati kitu. Bibi, tafadhali, kitambaa na maji ya moto kiasi.

Mimi, naagizwa kwangu. Nikaenda mbio, na magoti haya. Akalikanda, akamwonyesha binti kuweka vidole nyuma kidogo ya chuchu, abonyeze kuelekea ndani, aachie, abonyeze tena, taratibu. Mara ya kwanza hakuna. Ya pili, tone. Ya nne, wallahi, yakaruka! Mstari mweupe, ukampata Dakika shati, kifuani.

— Yapo! kijana akapiga kelele. Yapo! Yapo jamani!

Na kule nje, nyuma ya ukuta, wale wazee wazima wakaitikia kama uwanja wa mpira. Yapo! Yapo! Bomba nilimsikia akimwambia Faili andika, andika na saa.

Titi lilipolainika, Mama Pancha akamwambia binti amgeuze mtoto mzima amwelekee, tumbo kwa tumbo, asimpelekee titi bali amlete mtoto. Angoje afungue mdomo wote, kama anayepiga mwayo, ndipo amvute. Mara tatu akakosea. Ya nne kidevu kikazama, mdomo ukajaa, na binti akashusha mabega. Halafu tukasikia: koo la mtoto, kh, kh, kh. Anameza.

Saa, ambayo Dakika alikuwa ameitega dakika kumi mtoto aliposhika, ikalia. Grrrrr!

Dakika akapeleka mkono kwa mtoto. Nia njema, mazoea. Binti akamtazama tu. Sijui alimtazamaje, maana alinipa kisogo, lakini kijana alibadili njia mkono ukiwa hewani, akaikamata ile saa, akaigeuza, akaifungua mgongo kwa ukucha na kutoa kijigurudumu cha kengele. Akakitia mfukoni.

— Kwa hiyo anatolewa saa ngapi? akauliza, kwa sauti ndogo.

— Akiachia mwenyewe. Na akitaka tena, anapewa tena, mara nane, mara kumi na mbili, mchana na usiku. Wewe sasa, kwenye daftari lako, hesabu nguo zilizolowa. Mtoto wa siku tano, tunataka kama sita kwa siku. Mbili ni chache. Kwa hiyo akimaliza hapa tunakwenda zahanati kumpima uzito. Leo, siyo kesho. Na siku yoyote mkimwona amelegea, haamki kunyonya, msije kuulizana kwenye benchi. Mkimbizeni zahanati.

Kisha macho yake yakaangukia dirishani. Kikombe na kijiko.

— Haya maji ya nani?

Ningeweza kunyamaza. Dakika alikuwa hajui, na binti asingenitaja.

— Yangu.

— Bibi, kijitumbo chake ni kidogo kuliko ngumi yake. Kijiko cha maji kikiingia, maziwa yanakosa nafasi. Mpaka miezi sita hahitaji maji hata tone. Kiu yake iko humohumo kwenye titi.

— Wangu sita wote walikunywa.

— Na wote wapo?

— Wanne.

Hakunipa pole, hakunifundisha, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Nikachukua kikombe, nikamwaga maji nje ya dirisha, kijiko nikakitia mfukoni mwa gauni.

Mtoto akaendelea kumeza. Binti alikuwa ameegemea ukuta, macho yamefumba, uso umelegea kwa mara ya kwanza tangu arudi hospitali. Mimi nikasogea kigoda nikae, nione vizuri, niwe tayari kama kuna la kusemwa. Na lilikuwapo, nilikuwa na mambo matatu ulimini.

— Bibi, binti akasema, bila kufumbua macho. Na wewe.

— Na mimi nini?

— Naomba utoke. Na baba mtoto. Naomba niwe na mama huyu peke yetu.

Nyumba hii nilijenga mimi. Bati la chumba kile nililipandisha mimi, na misumari mdomoni. Sijawahi kutolewa chumba chochote humu, na mume wangu alijaribu. Nikamtazama Mama Pancha, yeye anamtazama mtoto. Nikamtazama mtoto, kh, kh, kh, vidole vyake vimefunguka juu ya titi kama hana deni na mtu.

Nikayameza yale mambo yangu matatu. Nikamshika Dakika ukosi wa shati lake lililolowa, nikatoka naye, nikafunga mlango.